Mwenye Dele

Muuza kahawa hujulikana kwa mlio kabla hajaonekana. Vikombe viwili vya kauri visivyo na mikono, vimebanwa katika kiganja kimoja, vinagongana kwa vipigo vyepesi vinavyosikika hadi kichochoro cha pili. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja, au Mji wa Kale Mombasa, au Lamu, au Kariakoo ya wazee, haulizi ni nini. Anajua hata ni nani, maana kila muuzaji ana mapigo yake. Kuna anayegonga mfululizo bila kupumzika, na kuna anayegonga mara tatu, akaenda hatua kumi kimya, akagonga tena.

Siku hizi vijiwe vya kahawa vya zamani vinaliliwa sana, hasa na sisi tulioanza kuota mvi. Lakini angalia tunacholilia. Tunalilia mazungumzo: ubishi wa Simba na Yanga, gazeti moja lililosomwa na baraza zima, wazee waliojua ukoo wa kila mpita njia hadi babu wa saba. Mwenye dele, birika la kahawa, tunamruka. Katika kumbukumbu zetu kahawa ilijichemsha na baraza likajikusanya. Mimi nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya sifa tunazowapa wasemaji ni haki ya yule aliyekuwa akiwamiminia. Bila mkono wake wale wazee wangesalimiana, wakaulizana hali za nyumbani, na kila mtu akashika njia yake.

Dele la kweli ni la shaba. Kitako chake kipana, kiuno kimebanwa, kifuniko kina kishungi, na mdomo umepinda kwenda mbele na juu. Umbo hilo si la urembo tu. Kitako kipana hupokea moto. Kiuno huyazuia mashapo yasipande dele linapoinamishwa. Mdomo mrefu humwezesha muuzaji kumimina akiwa mbali na kikombe, mvuke usimchome vidole. Ndani hupakwa bati, kwa sababu shaba tupu haifai kukaa na chakula wala kinywaji. Huota kutu ya kijani. Bati hilo huliwa na moto polepole, na zamani dele lilikuwa likirudi kwa fundi kila baada ya muda, likasuguliwa, likapashwa moto, likapakwa upya. Nje lilisuguliwa nyumbani kwa majivu na ndimu mpaka mtu ajione uso. Usafi wa dele ndio uliokuwa leseni ya biashara. Masizi yakifika shingoni, watu walinywa kwa mwingine, wala hawakumwambia kwa nini.

Madele mengi ya mitaani leo ni ya bati au alumini, na sioni haya kusema yanafanya kazi. Kisichobadilika ni moto. Chini ya dele la kutembeza hufungwa seredani ndogo yenye makaa, hivyo kahawa juu na moto chini hubebwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili hubeba ndoo ya maji na vikombe. Mtu huyo hupita katika vichochoro vyenye upana wa mabega mawili, watoto wakimkatiza miguuni, pikipiki ikimlazimisha ajibanze ukutani, naye amebeba kitu kinachochemka na kingine kinachowaka. Hamwagi. Na hapo hajauza kikombe hata kimoja.

Kazi yenyewe huanza mapema zaidi, nyuma ya nyumba, mahali upepo unapoupeleka moshi kwingine. Buni humwagwa katika karai juu ya makaa, na kuanzia hapo mkaangaji haondoki. Mwiko unazunguka bila kusimama, maana punje ikilalia upande mmoja huungua ubavu na kubaki mbichi ndani, na punje za namna hiyo zikiwa nyingi hutoa uchungu mbaya, ule unaoganda kooni. Mwanzo buni hutoa harufu ya majani yaliyolowa, ya kukatisha tamaa. Rangi inageuka manjano, kisha hudhurungi, na harufu inaanza kuelekea kwenye mkate. Halafu punje zinaanza kualika, moja hapa, moja pale, kisha nyingi kwa pamoja, na makapi membamba yanaruka juu ya karai na kumwingia mtu puani.

Wanaokaanga kahawa kwa ajili ya migahawa ya kisasa wengi huishia karibu na hapo, ili ladha ya shamba isipotee. Wa pwani anaendelea. Kahawa yake itanywewa bila sukari na bila maziwa, katika kikombe kidogo, na itakaa motoni muda mrefu, kwa hiyo huitaka iwe nyeusi, punje zitoe jasho la mafuta. Iliyokaangwa nusu, ikikaa juu ya makaa huingia uchachu. Lakini kati ya kahawa iliyofika na iliyoungua hakuna nafasi hata ya kugeuza kichwa na kujibu salamu. Mkaangaji mzoefu husalimiwa akaitikia bila kunyanyua macho, na hakuna anayemwona kuwa hana adabu.

Kutoka karaini, buni humwagwa upesi katika ungo, maana joto lake lenyewe laweza kuendelea kuikaanga. Hupepetwa, makapi yakaenda, punje zikapoa. Kisha kinu. Leo wengi hupeleka mashine, na wengine hununua unga uliokwisha sagwa, lakini waliobaki na kinu wana hoja: mchi huvunja, hautoi unga wa ulaini mmoja, na zile chenga huzama upesi chini ya dele zikaacha kinywaji juu kikiwa safi. Mashine ikilainisha mno, unga huelea, nao ndio unaokwaruza ulimi. Sijui kama hoja hiyo ingeshinda mahakamani. Nimeionja, nikaikubali.

Viungo ni siri ya kila nyumba. Iliki haikosekani kwa wengi, tangawizi kavu kwa wapenda ukali, wengine hutia mdalasini, karafuu au pilipili manga. Nina maoni yangu hapa, na wauza kahawa wa tangawizi wanisamehe: kiungo kinapopanda juu ya kahawa, mara nyingi kuna buni mbaya iliyofichwa. Kiungo kizuri mtu hukigundua baada ya kumeza.

Halafu kuna maji. Miji ya zamani ya pwani imejengwa juu ya matumbawe, na visima vyake vingi vina chumvichumvi. Chai yenye maziwa na sukari inaweza kuificha chumvi hiyo. Kahawa chungu haifichi kitu. Ndiyo maana mwenye dele wa zamani alikuwa tayari kutuma mtoto mbali kwenye kisima cha maji matamu, hata kama nyumbani kwake kulikuwa na kisima uani.

Nilipata kukaa mara nyingi na mzee mmoja anayeuza upande wa Malindi, Unguja, akanivumilia nimtazame. Nilimwuliza, "Ami, unajuaje imeiva, na kifuniko hukifunui?"

"Sikiliza dele, mwanangu," akasema. "Likipiga kelele, bado. Likinyamaza, lishughulikie."

Nikasikiliza. Maji yalipoanza kupata moto dele lilivuma, sauti nyembamba ya mfululizo. Uvumi ukapanda, ukakwaruza, kisha ghafla ukashuka, na kabla sijasema neno mzee alikwisha linyanyua; povu likachungulia mdomoni likarudi. Akalishusha, likavuma, likanyamaza, akalinyanyua. Alifanya hivyo mara tatu. Baada ya hapo akalitenga kando ya makaa ili mashapo yalale. Muda wote huo alikuwa akizungumza na mtu mwingine habari za bei ya samaki.

Baada ya kuiva ndipo unapokuja ufundi mgumu zaidi, na ndio ambao wanywaji hawauoni. Kahawa iliyo juu ya makaa haikai ilivyo. Kila dakika inapungua maji na kuongeza ukali. Mwenye dele hutoa kaa moja kwa koleo, akalifukia jingine kwa majivu, akapunga kipepeo kidogo, akaongeza maji ya moto kiasi cha kifuniko kimoja. Kahawa ya alasiri inapoanza na kahawa ya kabla ya magharibi si kitu kimoja, na wazee wanajua. Wapo wanaofika mapema kwa sababu tumbo haliwaruhusu ukali, na wapo wanaochelewa makusudi ili wakute ile nzito ya mwisho. Naye anajua nani ni wa ipi. Akimwona wa mapema amechelewa, humwongezea maji katika kikombe bila kuulizwa.

Kikombe chenyewe kina funda tatu, nne kwa mwenye subira, wala hakijazwi mpaka juu. Nilidhani zamani kwamba udogo wake ni kwa sababu ya ukali wa kahawa, na hilo ni kweli kwa kiasi chake. Lakini tazama jinsi vikombe vinavyokwenda. Mwenye dele ana vikombe sita, pengine vinane. Baraza lina watu kumi na watano. Hivyo haiwezekani wote wanywe kwa pamoja. Watu sita wanakunywa, wengine wanasubiri. Cha kwanza kinarudi, kinasuuzwa, kinakwenda kwa wa saba. Wa kwanza sasa ametaka cha pili, naye anangoja zamu. Hakuna wakati ambapo watu wote wamemaliza, na kwa hiyo hakuna wakati ambapo mazungumzo yanafika mwisho yenyewe na watu wakainuka. Daima yupo mtu katikati ya kikombe, na si adabu kumwacha. Mtu mwenye kikombe kikubwa cha peke yake anaweza kunywa akiwa amezama ndani ya simu yake. Mwenye kikombe cha baraza anasubiriwa, na anajua anasubiriwa.

Mwendo huo wa vikombe unaendeshwa na mtu mmoja tu. Ubishi ukipamba moto, mwenye dele huchelewa kwa makusudi upande wa wabishi na kwenda kwanza kwa waliokaa kimya. Anayezungumza sana hupata kikombe chake katikati ya sentensi, akalazimika kunyamaza anywe. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba siwezi kudhani ni bahati. Kahawa ya moto ni kipingamizi cha heshima kuliko vyote. Hakuna anayeweza kulalamika kwamba amekatizwa.

Na hesabu iko kichwani. Watu kumi na watano, huyu viwili, yule vinne, huyu analipiwa na shemeji yake, yule wa pembeni ni wa kesho. Hakuna karatasi. Malipo ni ya sarafu, na ndiyo maana hata asiye na kazi anaweza kukaa na mwenye nyumba tatu, akanywa kile kile, katika kikombe kile kile.

Pamoja na kahawa kuna kashata, na hapa lazima niseme jambo. Baraza ni la wanaume, limekuwa hivyo siku zote, na anayelililia bila kulitaja hilo analilia nusu ya mji. Lakini kashata nyingi zilizolishwa baraza zilitoka kwenye mikono ya wanawake, majumbani. Karanga hukaangwa, hufikichwa maganda, hupepetwa. Sukari huyeyushwa mpaka ianze kuvuta nyuzi. Karanga zikaingia, vyote vikamwagwa juu ya ubao uliopakwa mafuta, vikasukumwa upesi na kukatwa vingali vya moto, maana sukari ikishaganda kisu hupasua ovyo. Kashata ikiwa laini mno inanata menoni, ikiwa ngumu mno wazee wasio na magego hawaiwezi. Wanawake nao wana kahawa yao, ukumbini, kwenye hitima na kwenye msiba, ambako kahawa chungu huzunguka usiku kucha na habari zake haziishii hapo.

Ufundi wa dele pwani umepita katika mikono mingi, lakini kwa muda mrefu ulihesabiwa kazi ya Washihiri, watu wa Hadhramaut waliokuja na majahazi ya kaskazi. Walikuwa wachukuzi bandarini, wachota maji majumbani, wauza kahawa mitaani. Kazi tatu, zote za kubeba. Wakati huo kahawa ilikuwa kitu cha ng'ambo, cha Yemen na bandari yake ya Mokha. Mibuni ya arabika ilikuja kupandwa Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia 1933 Wachagga walikuwa na chama chao cha ushirika, KNCU. Ajabu yake ni kwamba kahawa ilipokuwa zao la nchi, ilibaki kinywaji cha pwani. Wakulima wengi wa milimani waliuza buni wakanywa chai, na mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania na ya Kenya hupakiwa melini.

Wahaya wa Kagera ndio wasiofuata kanuni hiyo, nao hawakungoja dele wala mmisionari. Robusta yao huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, na hutafunwa. Mgeni akikaribishwa huletewa punje hizo kiganjani. Zamani waliochanjiana udugu waligawana punje mbili zinazolala pamoja ndani ya tunda moja. Kijiwe kizima kimo katika tunda hilo, bila moto wala kikombe.

Kukutana kwenye kahawa kumewatia watawala wasiwasi tangu mbali. Makka mwaka 1511 liwali Khair Beg aliipiga marufuku, na amri yake haikudumu. London mwaka 1675 mfalme Charles II alitangaza kuifunga migahawa ya kahawa kwa sababu watu walikuwa wakiisema serikali humo. Akalifuta tangazo ndani ya siku chache. Kwetu kisa kinachonivutia ni cha redio. Sauti ya Cairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, redio hazikuwa nyingi, na watu waliifuata ilipo, ikiwemo kwenye kahawa. Waingereza walikasirishwa sana na matangazo yale. Lakini ni shida kumkamata mtu aliyeketi na kikombe cha funda tatu.

Miaka michache baadaye siasa zenyewe ziliyapasua mabaraza. Kuanzia uchaguzi wa 1957, watu wa Unguja waligomeana maduka na hata mazishi kwa ajili ya vyama, na kila chama kikawa na mahali pake pa kukaa. Baraza lenye watu wa rai moja linaendelea kuitwa baraza, lakini kahawa yake hupoa upesi; hakuna anayemngoja mwenzake amalize ili amjibu. Muuzaji wa kutembeza ndiye aliyebaki akivuka. Yule mzee wa Malindi aliniambia kwamba aliyemfundisha kazi alimpa sharti moja kabla ya kumkabidhi makaa: ulimi wako uache nyumbani. Mwenye dele husikia ya CCM na ya upinzani, ya mume na ya shemeji, na hayabebi kutoka baraza moja hadi jingine. Akibeba hata moja, hana pa kugongea vikombe kesho.

Anayetaka kuona kijiwe kilichobaki na nguvu aende Jaws Corner, katikati ya Mji Mkongwe, pale vichochoro vinapokutana. Jina limetoka kwenye filamu ya papa ya mwaka 1975. Unguja ilipata televisheni ya rangi miaka ya sabini, wakati Bara haikuwa na televisheni kabisa mpaka miaka ya tisini, na watu walikusanyika pale kutazama. Papa amechorwa ukutani. Mabenchi yamekaa pande zote, dhumna zinapigwa, siasa inasemwa kwa sauti, na kahawa inauzwa pale pale. Watalii hupita wakipiga picha za papa na za wazee. Sijaona mtalii aliyepiga picha ya namna kaa linavyofukiwa kwa majivu.

Mombasa wamelipa dele heshima ya sanamu, kubwa, katika mzunguko wa barabara karibu na Fort Jesus. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, Lamu mwaka 2001, na mabaraza ya mawe mbele ya nyumba za miji hiyo yanahesabiwa ndani ya huo urithi. Oman na majirani zake watatu walipata zaidi: mwaka 2015 kahawa ya Kiarabu yenyewe, jinsi inavyoandaliwa na kutolewa kwa mgeni, iliorodheshwa. Muscat, ambako wapo wengi wenye asili ya Unguja na Kiswahili chao, mtu hutikisa finjani kumwonyesha mmiminaji kwamba ametosheka. Sisi tumelinda mahali pa kukalia.

Tishio kubwa silioni kwenye migahawa yenye mashine za kupuliza maziwa. Ile ina watu wake na saa zake, na baadhi ya vijana wanaotengeneza kahawa humo ni mafundi kweli. Kahawa ya Mbinga na ya Moshi imeanza kunywewa nyumbani kwa sababu yao, nami nawaombea heri. Kinacholiua dele ni chupa ya chai. Chupa haina makaa, haina moshi, haimwunguzi mtu, na kahawa iliyomo ni ya moto kwa saa nyingi. Nani atamlaumu muuzaji mwenye mgongo unaouma, na gunia la mkaa bei yake inapanda kila msimu? Lakini kahawa ya chupa imefungwa katika hali moja tangu ilipotiwa. Haiwi nyepesi wala nzito. Hakuna tena mtu wa mapema na mtu wa mwisho, na mwenye chupa hana cha kutazama wala kusikiliza. Anageuka mlinzi wa kizibo.

Korona nayo ilifanya yake. Mei 2020 serikali ya Kenya ilipoufunga Mji wa Kale Mombasa, na kahawa ikasimama pamoja na migahawa yote, hoja dhidi ya vikombe vya kuzunguka ilikuwa nzito, na nisiwe mnafiki: ndoo moja ya kusuuzia haikuwa jambo la kujivunia hata kabla ya ugonjwa. Baadhi ya wauzaji wakaingia kwenye vikombe vya karatasi, na wengine hawajatoka. Ni safi. Kila mtu anapata chake papo hapo, anaondoka nacho anapotaka. Mwenye kuyapenda mabaraza angefanya vyema kupigania ndoo ya pili na maji ya moto, vikombe vya kauri vikarudi vikiwa sita kwa watu kumi na watano.

Mzee wa Malindi ameanza kumrithisha mjukuu wake. Mwaka wa kwanza kijana aliosha vikombe tu. Kisha akapewa mwiko wa karai, akaunguza, akapewa tena. Makaa bado hajaachiwa peke yake, ila jioni moja babu alikuwa na homa, akamruhusu alibebe dele hadi baraza la jirani, lililo kwenye njia pana. Nilikuwepo. Kijana alimimina vizuri, mkono ukitetemeka kidogo tu. Ulipofika wakati wa kulipa, mzee mmoja mwenye kofia ya viua akamnyooshea sarafu, akasema, "Vitatu."

"Vinne, babu."

"Vitatu, mjukuu wangu. Kile cha mwanzo nilionja tu. Babu yako anajua."

"Babu kaniambia," kijana akajibu, akisuuza kikombe, "wewe huonja kila siku, na kila siku unakimaliza."

Baraza likaangua kicheko. Mzee akalipa vinne, akadai kashata ya bure.